Kingamwili na Tibakemikali Ziende Pamoja Tangu Siku ya Kwanza

Hotuba kwa wagonjwa wa limfoma, familia zao na wahudumu wa wodi za saratani

Ndugu wagonjwa, ndugu mnaowauguza, wauguzi, wafamasia na madaktari wenzangu, habari zenu na karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie limfoma kali na jinsi inavyotibiwa kwa kingamwili, yaani protini ya ulinzi iliyotengenezwa kuishika seli ya saratani, pamoja na tibakemikali, yaani dawa za kemikali zinazoua seli hizo. Nina jambo moja ninalotaka kila mtu atoke nalo humu, nami nalisema mapema. Ugonjwa huu, hata ukiwa umeshaenea mwilini, unaweza kupona ukaisha kabisa, na nafasi kubwa kuliko zote ya kuuponya ni matibabu ya kwanza. Ndiyo maana kingamwili haifai kuwekwa akiba ya siku ugonjwa utakaporudi. Iingie mwilini pamoja na tibakemikali, tangu mzunguko wa kwanza.

Limfoma ni saratani ya limfosaiti, zile seli nyeupe za damu zinazotulinda na maradhi. Zipo limfoma zinazokwenda polepole, mtu akakaa nazo miaka. Na zipo kali: tezi ya shingoni, ya kwapani au ya kinenani inaonekana leo ina ukubwa wa njugu, baada ya wiki chache imekuwa donge. Wengine hupata homa zisizo na sababu, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kukonda bila kujua kwa nini. Wengine hawana dalili yoyote zaidi ya uvimbe. Iliyo kubwa katika jamii ya limfoma kali huitwa limfoma ya seli kubwa za B, kwa kuwa hutoka katika aina ya limfosaiti iitwayo B, nayo huchukua karibu theluthi moja ya limfoma zote zisizo za aina iitwayo Hodgkin. Isipotibiwa huua kwa muda wa miezi.

Lakini kuna jambo linalowashangaza wengi. Limfoma inayokwenda polepole kwa kawaida hutulizwa, ikakaa kimya, kisha ikarudi. Hii kali ndiyo inayoweza kung'olewa. Seli zake hugawanyika kwa kasi, na dawa nyingi za saratani huikamata seli pale inapogawanyika. Basi mgonjwa akiniuliza, "Daktari, nitapona?", simjibu kwa kuzungukazunguka. Namwambia kwamba kupona ndilo lengo letu, si kusogeza siku mbele.

Yote hayo huanzia kwenye kipimo. Tezi ikatwe, itolewe nzima ikiwezekana au kipande kikubwa cha kutosha, ipelekwe maabara ya patholojia. Kuchoma sindano nyembamba na kuvuta majimaji kunaweza kuonyesha kwamba kuna kasoro, lakini mara nyingi hakutoshi kumwambia mtaalamu ni limfoma ya aina gani. Na hapa nawasihi madaktari wa mstari wa mbele: tezi iliyovimba ikadhaniwa ni kifua kikuu, mgonjwa akaanzishiwa dawa bila kipimo na uvimbe ukazidi kukua, usingoje dozi iishe. Kata tezi upime. Katika limfoma kali miezi miwili ni muda mrefu mno. Maabara pia ipime kama seli hizo zina alama inayoitwa CD20, kwa sababu kingamwili tunayoizungumzia inaitafuta alama hiyo hiyo. Pasipo CD20, haina pa kushika.

Nirudi nyuma kidogo, maana historia ya tiba hii inaeleza kwa nini nasisitiza muungano.

Katika miaka ya 1970 madaktari walianza kutumia dawa nne kwa pamoja: saiklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoni. Herufi za majina yake ya wakati huo zikaunda jina CHOP. Ilikuwa hatua kubwa, kwani kwa mara ya kwanza watu wengi wenye limfoma kali iliyoenea walipona. Kilichofuata ni miaka ya kuongeza. Dawa sita, dawa nane, ratiba ngumu zaidi, kwa matumaini kwamba ukali wa tiba ungeleta uhai zaidi. Mwaka 1993 yakachapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti uliolinganisha CHOP na michanganyiko mitatu iliyokuwa mizito kuliko hiyo, kwa wagonjwa 899. Hakuna mchanganyiko uliopata ushindi. Baada ya miaka 3, watu 44 hivi kati ya 100 walikuwa hai bila ugonjwa, na waliopewa michanganyiko mizito walidhurika zaidi. Kuongeza kemikali kulikuwa kumefika mwisho wake. Kilihitajika kitu cha namna nyingine.

Kitu hicho kilikuwa kinaandaliwa kwingine. Mwaka 1975 huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Wakapata seli iliyoweza kutoa kingamwili ya aina moja tu, siku baada ya siku, kwa wingi wautakao. Mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Mwaka 1980 watafiti wa Boston walieleza protini iliyo juu ya limfosaiti B, ambayo sasa tunaiita CD20.

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu CD20 inastahili kusimuliwa taratibu. Protini hii hukaa juu ya karibu limfosaiti B zote, nzima na za saratani. Haikai kwenye seli shina za uboho, zile zinazozaa damu mpya. Wala haikai kwenye seli za plazima, ambazo hutengeneza kingamwili zetu za asili. Maana yake ni kwamba unaweza kufuta limfosaiti B zote mwilini, nzima kwa mbovu, na uboho ukazizalisha upya baada ya miezi kadhaa, huku kinga nyingi za zamani zikiendelea kuwapo. Tena CD20 haivuki kwa urahisi kuingia ndani ya seli inaposhikwa, wala haibanduki ikaelea kwenye damu kwa kiasi cha kutusumbua. Inabaki pale pale juu, ikishikika. Ni nadra sana kupata katika saratani shabaha iliyokaa vizuri hivi.

Kingamwili iliyotengenezwa kuishika inaitwa rituximab. Ncha zake zinazoshika CD20 zimetokana na panya, shina lake limetokana na binadamu, ili mwili wetu uweze kulitambua na kufanya nalo kazi. Inaposhika seli, huwa imeitia alama, kama fundi anavyopiga chaki kwenye ubao kabla ya kuchukua msumeno. Wanaokuja kukata ni askari wa mwili wenyewe. Baadhi ya seli za ulinzi huishambulia seli iliyotiwa alama na kuitoboa, nyingine humeza, na kuna protini za damu ziitwazo komplementi ambazo hupasua ukuta wake. Pia kushikwa kwenyewe kunaweza kuisukuma seli ijiue. Na katika maabara imeonekana kwamba seli za limfoma zilizoshikwa na rituximab huwa dhaifu zaidi mbele ya dawa za kemikali.

Dawa hii iliidhinishwa Marekani Novemba 1997, kwanza kwa limfoma za polepole zilizokuwa zimerudi. Ilipojaribiwa peke yake kwa wagonjwa wa limfoma kali iliyorudi, uvimbe ulipungua kwa takriban theluthi moja yao. Ni matokeo mazuri kwa dawa isiyo kemikali ya sumu, lakini hayakutosha kuwaponya. Ndipo likaja swali la maana: tukiitia ndani ya CHOP tangu mwanzo, itakuwaje? Sababu za kutumaini zilikuwepo. Dawa hizi zinaua kwa njia tofauti, kwa hiyo seli iliyojifunza kuikwepa moja haijajifunza kuikwepa nyingine. Na madhara yake hayapandiani sana, kwa sababu CHOP huuchosha uboho na rituximab haiugusi sana. Hakukuwa na haja ya kupunguza moja ili kuipisha nyingine.

Jibu lilitoka Ufaransa na nchi jirani zake, chini ya Bertrand Coiffier wa Lyon, likachapishwa Januari 2002. Walikuwa wagonjwa 399, wote wa miaka 60 hadi 80, kundi ambalo wengi walikuwa wamelikatia tamaa. Nusu walipata CHOP, nusu CHOP na rituximab, mizunguko 8, kila baada ya siku 21. Baada ya miaka 2, waliopata CHOP peke yake walikuwa hai 57 kati ya 100. Waliopata zote mbili walikuwa 70. Wasiwasi wa kwamba ugonjwa ulikuwa umecheleweshwa tu uliondolewa na muda: wagonjwa hao walipofuatiliwa miaka 10, pengo lilikuwa bado lipo, takriban 44 kwa 28. Hao ni wazee, wengi wao waliingia utafiti huo wakiwa wanakaribia au wamepita miaka sabini.

Kwa vijana na watu wa makamo, utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 824 walio chini ya miaka 60 na wasio na dalili nyingi mbaya ulionyesha jambo hilo hilo: baada ya miaka 3, 93 kati ya 100 walikuwa hai kwa muungano, dhidi ya 84 kwa tibakemikali peke yake. Wajerumani nao wakaonyesha mwaka 2008, kwa wazee zaidi ya 1,200, kwamba mizunguko 6 pamoja na kingamwili inatosha, hakuna faida ya kufika 8. Kwa vijana wenye ugonjwa mdogo, baadaye ikaonekana 4 ya tibakemikali inaweza kutosha. Naliona hili kuwa zawadi ambayo haisemwi vya kutosha, kwa sababu kingamwili imetuwezesha pia kuwapunguzia watu sumu.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote lakini haukuwagawa wagonjwa katika makundi kwa kura. Jimbo la British Columbia nchini Kanada liliamua mwaka 2001 kwamba kila mgonjwa wa limfoma ya seli kubwa za B iliyoenea apewe rituximab pamoja na CHOP. Kisha wakalinganisha wagonjwa wa miezi 18 kabla ya uamuzi huo na wa miezi 18 baada yake. Hao hawakuwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, bali kila aliyeugua. Walioishi miaka 2 walikuwa 52 kati ya 100 kabla, na 78 baada. Hospitali zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni sera.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliiweka rituximab kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na ndiyo maana sina amani ninaposikia mgonjwa amepewa CHOP tupu na kuambiwa kingamwili ataipata "ikibidi". Ikibidi lini? Mwaka 2017 yalikusanywa matokeo ya wagonjwa 636 ambao ugonjwa wao uligoma kutibika au ulirudi mapema. Nusu yao hawakuishi zaidi ya miezi 6 na siku chache. Zipo tiba kwa hatua hiyo, nitazitaja, lakini ni nzito, ni ghali, na haziko kila mahali. Gharama ya rituximab imeshuka tangu zilipokuja dawa zinazofanana nayo kutoka viwanda vingine, ya kwanza India mwaka 2007, kisha Ulaya kuanzia 2017. Zile zilizopimwa na kuidhinishwa na mamlaka za dawa zinafanya kazi ile ile. Mfamasia akikupa yenye jina tofauti na ulilolisoma, usiikatae kwa sababu ya jina.

Sasa niseme na mgonjwa anayeanza wiki hii.

Kabla ya dripu ya kwanza utapimwa damu, figo, ini, moyo, virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B. Hicho cha mwisho kisirukwe hata siku moja. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kulala kwenye ini miaka mingi bila mtu kujua. Rituximab ikifuta limfosaiti B, virusi huamka, na vinaweza kuua ini lililokuwa zima. Kuna watu waliokufa kwa homa ya ini wakiwa wameshapona limfoma. Kipimo ni cha damu tu, cha alama ya virusi na cha kingamwili inayoonyesha uliwahi kuambukizwa, na anayekutwa navyo hupewa dawa ya kuvizuia, kama entecavir au tenofovir, tangu mwanzo hadi angalau mwaka mmoja baada ya dozi ya mwisho ya rituximab. Ukiambiwa unaanza kesho, uliza: "Homa ya ini B mmeshapima?" Hilo ni swali la haki, wala daktari mwema halimkeri.

Kwa aliye na virusi vya UKIMWI: hilo halikuzuii kupata muungano huu. Unahitaji dawa zako za kufubaza virusi ziendelee, na ulinzi mkali zaidi dhidi ya maambukizi, hasa ikiwa CD4 zako, zile seli za kinga, ziko chini sana.

Dripu ya kwanza ya rituximab huenda polepole, saa 4 mpaka 6, ukiwa umepewa kwanza parasetamoli na dawa ya mzio. Ukitetemeka, ukapata homa, kuwashwa, au kifua kikabana, mwite muuguzi papo hapo. Mara nyingi dripu husimamishwa, dalili zikatulia, ikaendelea taratibu. Haya hutokea zaidi mara ya kwanza, wakati seli za ugonjwa zingali nyingi. Kuna wagonjwa walioogopa wakadhani mwili umeikataa dawa, wakataka kuacha. Wengi wao mzunguko wa pili hupita bila shida.

Zinazofuata ni za kemikali. Doksorubisini ni nyekundu, nayo hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo si damu. Inaweza kuudhuru moyo ikizidi kiasi, ndiyo sababu hupigwa hesabu ya jumla yake ya maisha. Saiklofosfamidi inataka unywe maji mengi, kibofu kisiungue. Vinkristini huleta ganzi vidoleni na choo kigumu. Wauguzi na wafamasia, nyinyi mnajua lakini nitasema tena: vinkristini huingia kwenye mshipa wa damu peke yake, iandaliwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, isiwekwe kwenye bomba la sindano pale ambapo kuna mgonjwa anayechomwa dawa ya uti wa mgongo. Ikiingia kwenye uti wa mgongo huua, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, seli nyeupe hushuka. Homa ya nyuzi 38 na zaidi katika siku hizo haisubiri asubuhi, haitulizwi kwa parasetamoli nyumbani. Nenda hospitali usiku huo huo, useme mlangoni, "Niko kwenye tibakemikali, nina homa." Antibayotiki ikiingia mapema huokoa. Wanafamilia, shikeni hili kwa niaba ya mgonjwa, maana akiwa na homa yeye mwenyewe atasema amechoka, apumzike kwanza.

Na kuna huruma inayodhuru. Mgonjwa ana miaka 68, amechoka baada ya mzunguko wa pili, familia inaomba dozi ipunguzwe au wiki ziongezwe katikati. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Tezi imeshanywea, mgonjwa anajisikia vizuri, na hapo ndipo watu huacha, lakini seli zilizobaki hazionekani kwa macho wala kwa mkono. Kama moyo, figo na ini vinaruhusu, dozi kamili kwa wakati wake ndiyo tiba. Kwa waliopita miaka 80 hali ni tofauti. Kuna CHOP ndogo, yenye dozi zilizopunguzwa lakini rituximab kamili, na utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2011 kwa wazee 149 ulionyesha 59 kati ya 100 wakiwa hai baada ya miaka 2. Huko kupunguza kumepimwa. Kupunguza kwa huruma tu hakujapimwa na mtu.

Je, muungano huu umefika mwisho? Bado. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawaponi nao. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 879 ambapo vinkristini iliondolewa na kuwekwa polatuzumab vedotin, kingamwili iliyobeba sumu mgongoni na kuipeleka ndani ya seli. Baada ya miaka 2, waliokuwa hawajarudiwa na ugonjwa walikuwa 77 kati ya 100 badala ya 70, ingawa idadi ya walio hai ilikuwa bado sawa. Katika Burkitt na limfoma nyingine kali za watoto, kuongeza rituximab kumepandisha watoto wasiorudiwa na ugonjwa kwa miaka 3 kutoka 82 hadi 94 kati ya 100. Kwa waliorudiwa, kuna seli T (aina nyingine ya limfosaiti) za mgonjwa mwenyewe zinazofunzwa maabara kuiwinda saratani na kurudishwa mwilini. Kuna pia kingamwili zenye mikono miwili, mmoja ukishika CD20 na mwingine ukishika seli T, zikutane. Moja kati ya hizo, glofitamab, ilipounganishwa na tibakemikali kwa waliorudiwa na ugonjwa, iliwaongezea maisha kuliko rituximab na tibakemikali hiyo hiyo, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2024. Kwa mara nyingine ni kingamwili na kemikali, bega kwa bega.

Mizunguko ikiisha utapigwa skani, ya PET pale inapopatikana, kuona kama kuna kilichobaki hai. Chanjo zitasubiri kama miezi 6 baada ya rituximab ili mwili uweze kuzipokea, na chanjo zenye virusi hai zisitolewe mpaka daktari aseme. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo miadi ya kliniki ya kipindi hicho usiikose hata ukijisikia mzima kabisa. Aliyevuka miezi 24 bila kurudiwa na ugonjwa, matarajio yake ya kuishi hukaribiana sana na ya watu wa rika lake ambao hawajawahi kuugua limfoma.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Tuchukue maswali, na naomba wagonjwa wenyewe waanze.